Hakuna Sura ya Mwizi

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lausanne nchini Uswisi, John Antonakis na Olaf Dalgas, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miaka 5 hadi 13. Watoto walicheza kwanza mchezo wa safari ya baharini. Kisha wakaonyeshwa picha mbili za watu wasiowajua na kuulizwa: kati ya hawa wawili, nani ungependa awe nahodha wako? Kumbe wale walikuwa wagombea ubunge wa Ufaransa, mmoja aliyeshinda na mwenzake aliyeshindwa. Takriban mara 7 kati ya 10, nahodha wa mtoto ndiye aliyekuwa ameshinda uchaguzi.

Mtu anaweza kuyatazama matokeo hayo na kusema: mnaona, hata mtoto mdogo humjua kiongozi akimwangalia usoni. Lakini jaribio halikupima kama washindi wale walikuwa viongozi wazuri. Lilipima kama mtoto na mtu mzima huvutiwa na sura zilezile, na ikaonekana ndivyo. Mtoto asiyejua kodi wala bajeti alimchagua yuleyule aliyechaguliwa na watu wazima waliosikiliza hotuba na kusoma magazeti. Ningekuwa mwanasiasa mwenye sura ya unahodha, habari hiyo ingenifurahisha sana. Kama mpiga kura, inanitia wasiwasi.

Humo ndimo ulimojificha mtego wa fiziognomia, yaani ile elimu ya kudai kwamba umbo la uso na mwili hufichua tabia. Watu kumi wakimtazama mtu mmoja na wote wakasema "huyu mkali" au "huyu ana sura ya upole", kule kukubaliana kwao ndiko kunakowapa hakika. Ni vigumu kuamini kwamba macho yote yale yanaweza kuona kitu kimoja na kitu chenyewe kisiwepo. Lakini kukubaliana ni jambo moja na kupatia ni jingine, na historia nzima ya kusoma nyuso ni historia ya watu waliochanganya mambo hayo mawili.

Imani yenyewe ni ya kale mno. Maandishi ya Kigiriki ya takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, yaliyopewa jina la mwanafalsafa Aristotle ingawa wataalamu wanaona si yeye aliyeyaandika, yanaeleza mbinu iliyotawala kwa karne nyingi: mtazame mnyama kwanza, kisha mtazame mtu. Kulungu, sungura na kondoo wana manyoya laini, nao ni waoga. Simba na nguruwe mwitu wana manyoya magumu, nao ni majasiri. Basi mwenye nywele laini ni mwoga na mwenye nywele ngumu ni shujaa. Mwitaliano Giambattista della Porta aliichukua mbinu hiyo na mwaka 1586 akatoa kitabu chenye michoro ya vichwa vya watu vilivyowekwa bega kwa bega na vichwa vya ng'ombe, kondoo, simba na ndege. Ukiitazama leo utacheka, kwa sababu mchoraji amempa simba nyusi za binadamu na binadamu pua ya simba ili wapate kufanana. Kazi ya hoja yote ilifanywa na kalamu.

Katika ulimwengu wa Kiislamu elimu hiyo iliingia katika kile kilichoitwa firasa. Kitabu cha msoma nyuso wa Kigiriki, Polemon wa Laodikia, cha karne ya 2, kilitufikia kwa sehemu kubwa kupitia tafsiri ya Kiarabu, na mwanazuoni Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, aliiandikia firasa kitabu kizima. Ila firasa ilibeba mengi kuliko maumbile ya uso, ukiwemo ule utambuzi wa moyoni anaojaliwa mcha Mungu, ambao hauna haja ya rula wala michoro.

Kuna kisa cha kale, alichokisimulia Cicero, mwandishi wa Roma, kinachoonyesha kwa nini elimu hii haikufa mapema. Zopyrus, msoma nyuso, alikutana na mwanafalsafa Socrates, akamtazama vizuri, akatamka kwamba yule ni mtu mzito wa akili na mpenda wanawake. Wanafunzi wa Socrates wakaangua kicheko. Socrates mwenyewe akamtetea mgeni: tabia hizo ninazo kwa kuzaliwa, alisema, ila nimezishinda kwa akili. Jibu la kiungwana, lakini tazama linavyomwokoa Zopyrus. Angepatia, angesifiwa. Alipokosea, ikawa amepatia vilevile, ila tabia imefichwa. Elimu ambayo haiwezi kukosea hata ikikosea haina njia ya kujirekebisha, na fiziognomia imeishi kwa mtaji huo zaidi ya miaka elfu mbili.

Nahodha na pua ya Darwin

Aliyeifanya ienee Ulaya nzima ni mchungaji wa Zurich, Johann Caspar Lavater. Kati ya mwaka 1775 na 1778 alitoa juzuu nne kubwa zilizojaa michoro ya nyuso na vivuli vya watu vilivyochorwa ubavuni, kila kimoja na hukumu yake: paji hili ni la mwenye busara, kidevu hiki ni cha mkaidi. Lavater hakuwa tapeli. Aliamini kwa dhati kwamba Mungu ameandika wema na ubaya usoni, na kwamba kuusoma uso ni njia ya kumpenda mwanadamu. Vitabu vyake vilitafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, vikawa mazungumzo ya sebuleni kwa wenye nafasi zao.

Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1831, kijana wa miaka 22 alikwenda kuomba nafasi ya kusafiri kwenye meli ya kijeshi ya Uingereza, Beagle. Nahodha wake, Robert FitzRoy, alikuwa mfuasi wa Lavater. Alimtazama kijana, akaitilia shaka pua yake: mwenye pua ya namna ile angewezaje kuwa na nguvu na ari ya kuhimili safari ndefu? Kijana huyo alikuwa Charles Darwin, aliyekuja kuwa mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Akapokelewa hata hivyo, akasafiri karibu miaka mitano, na uzeeni akaandika kwamba anadhani nahodha aliridhika baadaye kuwa pua ilikuwa imesema uongo. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko kwa kuwa kiliisha vizuri. Mtu mwingine aliyekataliwa kwa sababu ya pua hana pa kuandika kumbukumbu zake, wala aliyemkataa hatajua kamwe alichokosa. Hapo ndipo penye kasoro ya ndani kabisa ya kupima watu kwa sura: anayekataliwa hapati nafasi ya kumwonyesha mpimaji kwamba alikosea.

Mpinzani mkali zaidi wa Lavater alikuwa Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia wa Göttingen, mtu mfupi mwenye kibiongo, ambaye bila shaka alijua vizuri inavyokuwa kuhukumiwa kabla ya kufungua mdomo. Aliandika kwamba iwapo fiziognomia itafika pale anapopatarajia Lavater, basi watoto watanyongwa kabla ya kutenda makosa yanayostahili kitanzi. Lakini mchango wake mkubwa ni tofauti aliyoiweka, ambayo hadi leo wengi hawaioni. Yapo maumbile yasiyobadilika: mfupa wa paji, urefu wa pua, upana wa taya. Na zipo dalili zinazopita: kukunja ndita, kutabasamu, kutetemeka midomo, uso kumshuka mtu. Hizi za pili zinatuambia kitu kuhusu anachohisi mtu kwa wakati ule, japo nazo zinaweza kuigizwa na zinahitaji kusomwa pamoja na mazingira. Zile za kwanza hazituambii lolote kuhusu roho yake. Anayesema "mimi husoma watu" mara nyingi anasoma za pili, akifanikiwa kidogo, kisha anajipa mamlaka juu ya zile za kwanza.

Kadhalika na afya. Daktari anayeona macho ya manjano na kushuku ini hafanyi fiziognomia. Anajua rangi ile inatokana na nini, na anaweza kuthibitisha kwa kipimo cha damu. Kati ya kidevu na ukaidi hakuna kipimo cha damu.

Mafuvu, kamera na wafungwa

Karne ya 19 ilitaka tarakimu. Franz Joseph Gall, daktari wa Vienna, alikuwa ameshaanzisha frenolojia, upapasaji wa vinundu vya kichwa ili kujua vipaji na tabia. Sitakaa hapo, maana nje ya fuvu si nakala ya ubongo na dai lote linaanguka na hilo. Mzito zaidi kwa madhara yake ni Cesare Lombroso, daktari wa Italia. Alilifungua fuvu la mtu mmoja wa Calabria aliyeitwa Villella, akaona kishimo kisogoni kwa ndani mahali asipokitarajia, akaamini ameshika ufunguo: mhalifu ni binadamu wa kale aliyezaliwa zama zisizo zake. Kitabu chake cha mwaka 1876 kilimpa mhalifu sura yake, taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu, na kikatofautisha hata macho ya mwizi na macho ya muuaji. Mafuvu aliyoyakusanya yako kwenye makumbusho mjini Turin, na mifupa yake mwenyewe imo humohumo, kwa kuwa aliuachia utafiti mwili wake.

Kosa la Lombroso lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la maadili. Aliwatazama wafungwa, akaona masikio makubwa, akayahesabu. Hakuhesabu vya kutosha masikio ya watu walioko nje ya gereza. Daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, ndiye aliyefanya kazi hiyo ya kuchosha: alipima maelfu ya wafungwa, akawalinganisha na wanajeshi, wagonjwa wa hospitali na wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1913 akatangaza kwamba hakuna umbo la mhalifu. Wafungwa walikuwa wafupi na wepesi kidogo kwa wastani, basi. Goring hakuwa mtetezi wa wafungwa, naye alikuwa na nadharia zake za urithi zilizopitwa na wakati, na hilo linamfanya awe shahidi mzuri: alitaka kupata kitu katika damu, akakiri kwamba usoni hakukipata.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwanasayansi wa Uingereza, Francis Galton, kwa sababu lilimgeukia mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alipewa picha za wafungwa wa Uingereza waliogawanywa kwa makosa yao. Akabuni namna ya kuzipiga nyuso nyingi juu ya bamba moja la kamera, kila moja kwa muda mfupi, ili yaliyo ya mtu mmoja yafifie na yaliyo ya wote yabaki. Kama kuna sura ya muuaji, hapo ingejitokeza yenyewe. Kilichotokea ni uso wa mtu wa kawaida, mwenye kupendeza kuliko kila mmoja wa waliomtengeneza. Ukatili uliodhaniwa kuonekana katika kila picha ulitoweka zilipounganishwa. Galton aliliandika hilo waziwazi. Karne moja baadaye, mwaka 1990, Judith Langlois na Lori Roggman walionyesha kwa kompyuta kwamba uso wa wastani huwapendeza watu, na hivyo kile alichokiona Galton kikapata maelezo.

Mzaha wa sebuleni ukiingia mikononi mwa dola haubaki mzaha. Nchini Rwanda wataalamu wa kikoloni walipima urefu na pua za watu kuthibitisha tofauti za mbari walizokuwa wameshaziamini, na katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ukatoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Vizuizini wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kitambulisho kiliamua nani afe, na aliyekosa kitambulisho alipimwa kwa macho. Wako Wahutu waliouawa kwa kuwa walifanana na Mtutsi aliyekuwa katika fikra za wauaji.

Kwa nini tunaendelea kuona

Kwa nini basi sisi tunaojua haya yote bado tunamwona mtu na kumpa tabia papo hapo? Wanasaikolojia Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kutoa hukumu juu ya uso asioujua, na hukumu hiyo inalingana na ile inayotolewa bila kikomo cha muda. Wakiongezewa muda, watu huzidi kujiamini kuliko wanavyobadilisha mawazo. Kama umewahi kukaa kwenye usaili wa kazi ukahisi kwamba mambo yameamuliwa kabla hujaketi, huenda hukukosea.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba akili inatumia kifaa kizuri mahali pasipo pake. Tumezoea kusoma hasira, kwa hiyo mtu ambaye nyusi zake zimeshuka kwa maumbile anaonekana ana hasira hata akiwa amelala. Tumezoea kuwahurumia watoto wachanga, kwa hiyo mtu mzima mwenye macho makubwa, paji pana na kidevu kidogo anaonekana mkweli na dhaifu. Mwanasaikolojia Leslie Zebrowitz ameliandika hilo kwa miaka mingi. Na uzuri hufunika mengine yote: Edward Thorndike aliona mwaka 1920 kwamba maofisa wa jeshi waliowapima walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia walitoa alama zinazofuatana mno, kana kwamba sifa moja imevuja ikazilowanisha nyingine. Wahenga walishaonya kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini methali haina kasi ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Na huo "uso" tunaousoma ni upi hasa? Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake walichukua picha 40 za wanawake wawili maarufu wa Uholanzi, 20 kwa kila mmoja, wakawapa Waingereza wasiowajua wazipange kwa mtu. Kwa kawaida walipata mafungu saba au nane: watu saba ama wanane pale walipokuwepo wawili tu. Taa, pembe ya kamera, nywele na uchovu vilitosha kumfanya mwanamke mmoja awe wanne. Na zaidi ya hapo, picha tofauti za mtu yuleyule huweza kupata hukumu tofauti kabisa, mwaminifu katika moja na mjanja katika nyingine. Ukimwambia Lavater asome tabia, muulize kwanza anasoma picha ipi.

Wapo wanaosema pasipo moto hapafuki moshi, na ni haki kuwasikiliza. Dai lililovuma sana lilihusu upana wa uso kulinganisha na urefu wake, kwamba wenye nyuso pana ni wagomvi. Mwaka 2008 utafiti juu ya wachezaji wa magongo ya barafuni ulionekana kuliunga mkono. Mtafiti Michal Kosinski akalipima mwaka 2017 kwa watu 137,163 na jinsi walivyojieleza tabia zao, na uhusiano wa maana haukuonekana. Palipo na moshi kidogo, mara nyingi moto wenyewe tumeuwasha sisi. Katika jaribio la Mark Snyder na wenzake la mwaka 1977, wanaume walizungumza kwa simu na wanawake wasiowaona, kila mwanamume akiwa ameonyeshwa picha na kuambiwa ndiye huyo. Picha hazikuwa zao. Nyingine zilikuwa za warembo, nyingine sivyo. Baadaye watu wasiojua chochote wakasikilizishwa sauti za wanawake peke yake. Wale waliodhaniwa warembo walisikika wachangamfu na wakunjufu zaidi, ingawa hawakujua kabisa kuhusu picha. Walikuwa wakijibu namna walivyosemeshwa. Fikiria sasa mtu anayesemeshwa kama mshukiwa tangu utotoni.

Gharama hiyo imepimwa pia. Mwaka 2015 John Paul Wilson na Nicholas Rule walichapisha utafiti juu ya wafungwa wa Florida waliopatikana na hatia ya mauaji, wengine wakihukumiwa kifo na wengine kifungo cha maisha. Watu wasiojua hukumu waliwapima uaminifu kwa kuangalia picha. Waliopata alama za chini walikuwa wamehukumiwa kifo zaidi, na hali ilikuwa hiyohiyo walipopimwa watu waliokuja kuachiwa baada ya kuonekana hawakutenda kosa.

Mwaka 2016 fiziognomia ilirudi ikiwa na kompyuta. Watafiti wawili wa Shanghai, Xiaolin Wu na Xi Zhang, walidai programu yao inamtambua mhalifu kwa picha ya uso kwa usahihi wa karibu asilimia 90, wakitumia picha 1,856. Todorov, pamoja na Blaise Agüera y Arcas na Margaret Mitchell, waliitazama mifano iliyotolewa. Wasio wahalifu, ambao picha zao zilichukuliwa mtandaoni, walikuwa na kola nyeupe na tabasamu la mbali. Waliohukumiwa walikuwa wamenuna, bila kola. Yaelekea mashine ilijifunza tofauti ya mtu anayejitafutia kazi na mtu anayepigwa picha asiyoitaka. Ni kosa lilelile la Lombroso la kulinganisha makundi yaliyokusanywa kwa njia mbili, ila sasa jibu linatoka na nukta ya desimali. Mwaka 2020, wengine walipotangaza nchini Marekani kazi ya aina hiyohiyo, watafiti zaidi ya 2,000 walitia saini barua ya kuipinga, na tangazo likaondolewa.

Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya, ambayo makatazo yake yalianza Februari 2025, imepiga marufuku mashine za kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na pia kumkadiria mtu uhalifu kwa kuangalia tabia na wasifu wake pekee. Sheria inaishika mashine. Msaili aliyekaa upande wa pili wa meza haimgusi. Kwa huyo dawa iliyopo ni ya utaratibu: picha isiambatanishwe na maombi, maswali yaandikwe kabla na yawe yaleyale kwa kila mwombaji, alama za kila jibu ziwekwe papo hapo kabla ya kwenda swali linalofuata, na wasaili wasijadiliane mpaka kila mmoja awe ameshaandika zake. Wasaili wengi hawaupendi utaratibu huo. Wanalalamika kwamba unawanyima nafasi ya kumsoma mtu.